Sahani Isiyoonjwa

Guangzhou, 9 Aprili 2023

Dada Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukishaitikia kaa kitako, maana barua hii ni ndefu na mkono unaoiandika ni wa darasa la nne. Lakini darasa la nne la wakati ule, si hili la siku hizi ambalo mtoto anafika la saba hajui kuandika jina la baba yake. Mimi ni mzima. Eliudi mwanangu ni mzima, anakusalimia shangazi yake. Wasalimie wote wa hapo nyumbani.

Jicho la kulia wamelitengeneza. Daktari mwenyewe binti mdogo, nikamwambia Eliudi huyu si aende shule kwanza, kumbe ndiye bingwa. Yule mtoto wa jicho akamtoa kama unavyotoa utando juu ya maziwa. Kesho yake wakanifungua bandeji. Dada, sikujua kwamba Eliudi ana mvi. Sikujua hata kwamba mikono yangu ina madoa hivi. Miaka sita nimekuwa nikitazama dunia kupitia gunia na hakuna aliyeniambia. Mwezi wa sita watafanya la kushoto, hivyo nipo.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Eliudi alinishikisha ile ya picha, nikamwona mtu anaongea halafu uso ukaganda mdomo wazi kama marehemu. Nikakataa. Barua zetu atabeba Teddy, yule mama wa Mwanza anayenunua nguo za watoto. Anakuja huku kila mara, na akirudi ataipeleka kivukoni, itavuka hadi kwako Ukerewe.

Mji huu siwezi kukueleza, ila nitakueleza. Eliudi alinipeleka Pazhou kwenye kumbi za maonyesho. Ukumbi mmoja tu Kamachumu yetu yote ingeingia, na ng'ombe wake, na kanisa, na bado pangebaki pa kuchezea mpira. Ndani wameweka taa mchana. Kule mtaa wa Guangyuan Xilu anakonunulia nguo, nimeona mwanaume mwembamba kama wewe anavuta marobota manne kwenye kitoroli na anaimba. Nilisimama mpaka Eliudi akaja kunishika mkono. Nilimwambia ni miguu imechoka. Haikuwa miguu.

Sasa najua swali lako. Nakula wapi? Nilikuja na unga, ndizi kavu na kahawa yetu ya kutafuna. Unga uliisha baada ya wiki mbili, na Eliudi hajui kupika hata chai. Nikakaa siku moja na nusu na maji. Akanipeleka mtaa wa Huanshi Zhonglu kwa mama mmoja wa Mombasa, anaitwa Mwanakhamis, ana meza tano ghorofani. Akaniletea wali na maharage ya nazi.

"Onja kwanza," nikamwambia.

"Nionje nini, mzee wangu? Si mimi niliyekipika?"

"Ndiyo maana."

"Tangu asubuhi nimelisha watu sitini, hajafa hata mmoja."

"Mimi ni wa sitini na moja."

Wakacheka meza zote. Akavuta kiti, akachota vijiko vitatu vya nguvu, akajifuta mdomo. "Haya, mzee wa bara. Nikifa nizike na sufuria zangu." Nikahesabu mpaka hamsini, nikala. Sasa kila nikiingia anaonja bila kuambiwa. Unaona dada, hata Uchina nimewafundisha heshima.

Mimi ndugu yako,
Salvatory Kaijage, mwenye jicho jipya


Bukindo, Ukerewe, 28 Mei 2023

Mdogo wangu Salvatory,

Milele na milele, Amina. Barua yako imefika ikinuka nguo mpya. Nimemshukuru Mungu kwa jicho lako, na huyo binti nimemsalia rozari moja. Huku mvua zilichelewa, zikaja zote kwa pamoja. Machungwa ni mengi hadi yanaoza. Mihogo ya bonde la chini imeoza pia, ya juu ni mizima. Mjukuu wetu Sarah alifaulu, sasa yuko sekondari Nansio.

Shemeji yako Abeli anakusalimia. Amesema nisiandike "wa hapo nyumbani wanakusalimia", niandike jina, kwa hiyo nimeandika: Abeli. Siku hizi anapenda uji kuliko ugali.

Nimecheka habari ya yule mama wa Mombasa, kisha nikaacha kucheka. Nimekumbuka wiki ile baada ya kumzika tata, baba yetu. Watu wakasema ni pombe aliyokunywa kwa jirani, jirani hakuonja kwanza kama desturi. Hakuna aliyejua ukweli, lakini wewe ulikuwa na miaka minane na ulisikia. Ukagoma kula. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Nikakata ndizi katikati ya sahani, nikala upande wangu, ukanitazama koo kuona kama nimemeza kweli, ndipo ukala upande wako. Tukaenda hivyo mpaka ukaota ndevu.

Kwa hiyo najua kwa nini unahitaji kuonjewa. Sijawahi kukusema kwa hilo.

Lakini nihesabu nawe. Tangu niolewe huku ni miaka hamsini na moja. Umevuka maji kuja kwangu mara nne, tatu ni misiba. Mara zote nne ulibeba ndizi zako za kuchemsha kwenye mfuko, ukazila umesimama nje karibu na zizi la mbuzi. Watoto wangu wamekua wakidhani mjomba wao ana ugonjwa wa tumbo.

Juzi Abeli aliuliza kama ukirudi utapita. Nikamjibu sijui. Sikuombi. Nakuarifu tu kwamba ameuliza.

Kula vizuri. Mshukuru Mwanakhamis kwa niaba yangu, mwambie kazi anayoifanya niliifanya mimi kabla yake.

Dada yako,
Yustina


Guangzhou, 2 Julai 2023

Dada Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, la kushoto tayari, sasa nasoma mpaka maandishi ya kwenye betri ya saa. Hongera kwa Sarah. Mwambie babu yake aliye Uchina alikuwa wa kwanza darasani miaka yote minne, ila hakukuwa na la tano la kumtosha. Wasalimie wa hapo nyumbani.

Nina habari kubwa. Eliudi ana mchumba. Ni Mchina. Anaitwa Wenli, anauza zipu na vifungo kwa jumla jengo la pili kutoka kwa Eliudi, na bei yake haipungui. Mtu akimbembeleza anasema "meiyou", yaani hakuna, huku mzigo upo nyuma yake. Nilimpenda kwa hilo.

Lakini ngoja nikupe jinsi nilivyompenda hasa. Walinipeleka kunywa chai ya asubuhi. Usifikiri chai na andazi. Ni jumba la ghorofa tatu, watu labda elfu moja wanakula kwa wakati mmoja, wazee wenzangu wamekaa na magazeti, vitu vinakuja kwenye vibakuli vya mianzi vinatoa moshi, na kelele zake ni kama siku ya mnada lakini hakuna anayegombana. Nilikaa nikaangalia tu. Nilifikiri, hawa wote wanakula vitu vilivyopikwa na mtu wasiyemjua, na wanacheka.

Wenli akachukua birika, akamimina chai kwenye bakuli langu, kikombe changu, vijiti vyangu, akavisuuza mbele ya macho yangu, yale maji akayamwaga kwenye bakuli kubwa katikati ya meza. Nikasema moyoni, huyu ana asili. Anaonyesha kwamba chombo hakina kitu. Na mimi nikarudisha heshima. Nikanyanyua lile bakuli kubwa kwa mikono miwili, nikanywa.

Meza ya jirani wakashusha vijiti. Eliudi akatazama dari. Wenli akanitazama, akaninyang'anya bakuli polepole, akanywa yaliyobaki mpaka mwisho, akaliweka chini kama hakuna lililotokea.

Ni juzi tu Mwanakhamis aliponiambia, huku akilia kwa kicheko, kwamba yale ni maji ya kuoshea vyombo. Huosha hivyo kabla ya kula kisha humwaga. Sasa fikiri, dada. Binti alijua. Alikunywa maji machafu mbele ya watu elfu ili mzee asiaibike peke yake. Nimemwambia Eliudi, ukimwacha huyu usinizike.

Mwezi wa nane tutakwenda kwao kujitambulisha. Kwao ni kisiwani, Hainan, kusini kabisa kwenye joto. Wamesema tutakula kwao. Nimemwambia Eliudi awaeleze utaratibu wangu, akasema atawaeleza, lakini namjua, hatawaeleza.

Kuhusu lile uliloandika. Unajua mwenyewe. Siku ile nilipokusindikiza kuolewa hakuna aliyenionjea. Mgeni hawezi kula pasipoonjwa, hata tata angefanya hivyo. Tuyaache.

Ndugu yako,
Salvatory, baba mkwe mtarajiwa


Nansio, 4 Agosti 2023

Salvatory,

Milele, Amina. Mpe Eliudi hongera zangu, na huyo binti mwambie shangazi wa mume anamheshimu kabla hajamwona.

Lile la kuonjewa nimelisoma. Nimelikunja nikaliweka.

Unakwenda kula kisiwani kwa watu usiowajua, basi nikupe ushauri, mimi niliyeishi kisiwani kuliko nilivyoishi kwetu. Kisiwa kinakusanya watu wa kila namna. Hapa kwetu kuna Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma, na mimi Mhaya mmoja na ndizi zangu zisizokubali udongo. Kila mmoja ana chungu chake na anamcheka mwenzake, lakini sote tunakula kwa wote, kwa sababu kisiwa hakina mlango wa nyuma. Mgeni akikataa chakula bara, kuna nyumba ya pili. Akikataa kisiwani, anabaki na maji. Na mwenye nyumba naye hana pa kuificha aibu, kesho yake inajulikana pwani zote.

Kula walipokaa wazee kwa muda mrefu. Kula cha mahali, usiulize ndizi. Usisifu kwanza, maliza kwanza.

Ni hayo. Benchi hili ni gumu na wameita majina. Nitampa Teddy leo leo, yupo mjini.

Yustina


Guangzhou, 10 Septemba 2023

Dada Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Benchi gani?

Nimeanza na hilo kwa sababu nimelisoma mara nyingi. Umeandika Nansio, hukuandika Bukindo. Umeandika wameita majina. Teddy nilimbana, akasema yeye ni mbeba barua si msemaji. Nikambana tena kwa Mwanakhamis mbele ya pilau lake, akasema alikukuta nje ya hospitali na shemeji, na kwamba shemeji amekonda. Dada, mbona hukuniandikia?

Sasa nisikilize habari ya safari, halafu utajua kwa nini nauliza.

Tulipanda treni hapa Guangzhou. Tukafika baharini, nikasema tunashuka. Hatukushuka. Dada, treni iliingia ndani ya meli. Waliikata vipande kama unavyokata muwa, wakavipanga tumboni mwa meli kimoja kimoja, na mimi nimekaa kwenye kiti changu dirishani natazama chuma cha meli. Halafu meli ikaondoka. Nilikuwa ndani ya treni iliyo ndani ya meli iliyo juu ya maji. Nikashika rozari. Nimepanda meli ya Bukoba na Mwanza tangu kijana na nilifikiri nimeona yote yanayohusu maji. Sikuwa nimeona kitu.

Ng'ambo ni kwetu, dada. Nasema kweli. Migomba. Mafenesi yameng'ang'ania shina kama watoto. Udongo mwekundu. Minazi pia, lakini hiyo nawaachia akina Mwanakhamis. Nikamwambia Eliudi wamehamisha Kamachumu wakaileta huku wakaiweka kando ya bahari.

Uliniambia kula walipokaa wazee. Mji wa kwanza Haikou kuna nyumba za chai za wazee, na jina lenyewe Eliudi amenitafsiria ni chai ya baba mzee. Nikasema basi walijua nakuja. Mzee anaagiza birika moja asubuhi na anakaa nalo mpaka jua linageuka, na hakuna anayemfukuza. Vitafunio vinapita kwenye mkokoteni. Ukienda kisiwa kile anzia hapo, meza za nje. Kusini kuna kijiji cha Waislamu wavuvi, wana misikiti yao na samaki wa mkaa ambaye yule mama wa Mombasa akimwonja angenyamaza. Milimani kuna watu wengine tena, lugha nyingine, wanapika wali ndani ya kipande cha mwanzi, unaupasua unaula kama muwa. Na kwao Wenli, kunaitwa Xinglong, wanakaa Wachina waliorudi kutoka Java na Malaya na wapi sijui, wanatengeneza vitumbua vya nazi kwenye majani na wanatukanana kwa lugha nne. Kila mahali nilimwambia Eliudi aonje, akaonja, nikala. Alirudi amenenepa.

Lakini nyumbani kwao Wenli, Eliudi ni mkwe. Mkwe hawezi kuonja kwa wakwe.

Walipanga vyombo tisa. Kuku mzima wa kuchemsha, amekatwa akarudishwa kama alivyokuwa, na kichwa chake kinanitazama mimi. Wali wa mafuta ya kuku. Kaa. Bata. Samaki. Matembele, dada, matembele kabisa haya yetu ya viazi vitamu. Supu ya nazi. Vingine sikuvijua. Watu kumi na wanne wamezunguka meza. Babu yake Wenli, mzee Fu, amenizidi miaka miwili, amekaa mkabala na mimi amevaa shati jeupe la kufunga mpaka shingoni.

Nikangoja mwenye nyumba aonje.

Hakuonja. Akaweka mikono mapajani akanitazama. Na mimi nikaweka mikono mapajani nikamtazama. Watoto wakatazama kuku. Moshi ukapungua juu ya supu, ukaisha. Mafuta ya wali yakaanza kuganda pembeni. Nikasema moyoni, hawa wana jambo, mbona hawataki kukigusa chakula chao wenyewe? Nikakumbuka tata. Nikasema leo hata kama ni mpaka kesho.

Eliudi jasho linamtoka. Akaniinamia sikioni. "Baba, kula."

"Waonje."

"Baba, huku mkubwa ndiye anaanza. Wanakungoja wewe. Mzee Fu amekupa ukubwa wa meza."

"Mwambie nami namngoja yeye."

"Nitamwambiaje mtu kwamba unadhani amekutilia sumu?"

"Hivyo hivyo."

Akamwambia Wenli. Wenli akavuta pumzi, akamwambia babu yake. Mama yake Wenli akainamisha kichwa. Nikaona Eliudi anamtazama binti kama mtu anayetazama basi linaondoka, ndipo nikajua nimefanya nini, lakini unanijua, siwezi kurudi nyuma nikishaanza.

Mzee Fu hakukasirika. Akachukua vijiti akala kuku. Akameza, akafungua mdomo kunionyesha. Akala wali. Akala kaa, tena ilibidi amvunje, ikachukua muda. Bata, samaki, matembele. Vyombo vyote tisa, kimoja kimoja, polepole, mbele ya wajukuu zake, mtu wa miaka sabini na sita, akiuvunja utaratibu wa nyumba yake ili nitulie. Alipomaliza akasema maneno, Wenli akatafsiri, Eliudi akatafsiri. Alisema alizaliwa Java, wakafukuzwa, akaja na meli akiwa na miaka kumi na miwili. Ndani ya meli mama yake alionja maji kabla ya kuwapa watoto, kila kikombe, siku zote za safari. Alisema, "Namjua mtu anayengoja hivi."

Nikatoa mfukoni kahawa yetu ya kutafuna. Nikatia mdomoni mimi kwanza, nikatafuna, ndipo nikampa yeye punje mbili kwa mkono wa kulia. Akazinusa. Akatoka nje, akarudi na tawi la kahawa, mbichi, kutoka shambani kwake nyuma ya nyumba. Kahawa ileile. Akaiweka mezani kando ya yangu. Hakuna aliyetafsiri kitu hapo.

Nikala. Nilikula kila kitu. Kichwa cha kuku nilipewa mimi nikakila. Harusi ni mwakani.

Sasa lile ninalotaka kusema, na nimeharibu karatasi mbili kabla ya hii.

Alipokuwa mzee Fu anaonja, chombo cha tatu, cha nne, sikuwa namwona yeye. Nilimwona kijana mwembamba mwaka sabini na mbili, amepiga magoti kwenye mkeka, amevaa shati la kuazima linalombana mabega. Anachukua ugali wa muhogo, anakula. Anachukua dagaa, anakula. Anakunywa maji ya mtungi, ananipa kata. Kisha ananitazama na kutabasamu.

Alionja, dada. Alionja kila kitu. Mimi nimewaambia watu hakuonja. Nimeisema Kamachumu miaka hamsini na moja mpaka nikaiamini. Ukweli ni kwamba nilikuwa kijana wa ndizi na kahawa, tata alituachia shamba linalofika mtoni, na nilitazama ule ugali mweusi na dagaa wale nikasema dada yangu ameolewa na njaa. Nikaona haya. Nikasema tumbo linauma. Na nilipoulizwa nyumbani kwa nini sikula, ilikuwa rahisi kusema hawakuonja, kwa sababu kwa habari ya tata hakuna ambaye angeuliza la pili.

Sikuwa na hofu siku ile. Hofu ningekuwa nayo ningekutazama wewe. Sikukutazama.

Abeli anaumwa nini?

Salvatory


Bukindo, 15 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Milele na milele, Amina.

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete siku ile, nimeshika mwiko. Ukuta una matundu. Nilimwona anavyoonja na nilikuona usivyokula. Nimejua tangu hapo. Sikusema kwa sababu ningesema ungebisha, na ukishabisha kitu kinakuwa ukweli wako mpaka kaburini. Nikasema ngoja akute mwenyewe. Sikufikiri itabidi upande treni iliyomo ndani ya meli.

Abeli ana uvimbe kooni. Walituambia mwanzo wa mwezi wa nane, hapo ndipo palikuwa na benchi. Mwanza wamesema kwa umri wake hawatakata. Anameza uji, mwepesi, kidogo kidogo. Hana maumivu makubwa. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka uje kwa ajili ya ugonjwa. Wewe misiba hukosi. Nilitaka uje siku ambayo hakuna aliyekufa.

Barua yako nimemsomea yote, mpaka mwisho, na pale pa shati la kuazima alicheka mpaka akakohoa, akasema lilikuwa la padri. Akaniambia nisome tena jina lake. Nikasoma: "Abeli anaumwa nini." Akasema ni mara ya kwanza unaliandika.

Kisha akasema nikujibu hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie shemeji wale dagaa wamepoa sana. Akija nitamwambia Yustina achemshe wengine."

Daktari hajasema muda. Mimi ninayempikia uji nasema usingoje harusi.

Yustina


Guangzhou, 3 Novemba 2023

Dada,

Naandika kifupi, Teddy yupo mlangoni na teksi inangoja. Anaondoka leo na atafika kabla yangu. Mimi naondoka tarehe kumi, Eliudi amekubali baada ya kubishana naye, yaani nilibishana peke yangu. Nitalala Mwanza siku moja, Jumanne tarehe kumi na nne nitakuwa kwenye kivuko cha asubuhi. Sarah asije kunipokea, aende shule. Njia ya kwenu naijua, ni wewe tu unayefikiri nimeisahau.

Mzee Fu ametuma kahawa ya shambani kwake nimletee Abeli. Amesema hata kama hawezi kutafuna ainuse.

Sibebi ndizi. Mfuko wangu mtaupekua mkipenda.

Nipikie ugali wa muhogo, mweusi vilevile, na dagaa. Kama Abeli siku hiyo hawezi kukaa mkekani, tutakula alipolala. Na uji wake niwekee pia, bakuli lake lilelile, nataka nijue anakula nini.

Asionje mtu. Wewe usionje, na yeye asihangaike kuonja, aliishaonja. Nitaanza mimi.

Salvatory